Wa Mia Mbili Duniani Anakula Wapi?

Ndugu msikilizaji, juma lililopita nilikuwa katika klabu moja ya tenisi hapa mjini nikimsubiri rafiki yangu. Kijana anayeokota mipira pale alinipa shikamoo, kisha akaniuliza swali lililonishinda kujibu papo hapo. "Mzee, bingwa wa Wimbledon tunajua ni tajiri. Huyu mtu wa mia mbili duniani, yeye anakula wapi?"

Nilimwahidi kumjibu redioni, na ahadi ni deni.

Tenisi ya kulipwa ya wanaume ina madaraja matatu. Chini yapo mashindano madogo ya Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, wanakoanzia vijana. Juu yapo mashindano makubwa ya chama cha ATP, pamoja na yale manne makuu ya Australia, Ufaransa, Wimbledon na Marekani. Katikati, tangu mwaka 1978, yapo mashindano yaitwayo Challenger. Huko ndiko anakokula mtu wa mia mbili.

Challenger hupangwa kwa namba: 50, 75, 100, 125 na 175. Namba hiyo ndiyo pointi anazopata bingwa. Bingwa wa Wimbledon hupata pointi 2,000. Piga hesabu mwenyewe: ni sawa na kutwaa ubingwa wa Challenger 50 mara arobaini!

Pointi hizo ndizo hati ya kusafiria ya mchezaji. Mashindano makuu huchukua wachezaji 128. Kati yao, 104 huingia moja kwa moja kutokana na nafasi zao katika orodha ya dunia, wanane hualikwa na waandaaji, na 16 hutoka kwenye mchujo. Kwa hiyo mtu wa 90 anapita mlangoni, na mtu wa 200 anapanga foleni ya mchujo, ambako lazima ashinde mechi tatu mfululizo. Tofauti yao kwa ustadi ni ndogo sana. Kwa fedha ni mbingu na ardhi. Wimbledon ya mwaka 2025, aliyetolewa raundi ya kwanza aliondoka na pauni 66,000. Bingwa wa Challenger 50 hafikishi hata robo ya fedha hiyo.

Tena mchezaji wa tenisi hana klabu inayomlipa mshahara kama mwenzake wa kandanda. Nauli ni yake, mwalimu ni wake, kamba za raketi ni zake. Na pointi zenyewe hazikai: kila pointi hufutika baada ya wiki 52. Akiumia goti miezi sita, jina linateremka huku madeni yakipanda.

Mwaka 2024 ATP walianza majaribio ya miaka mitatu ya kuwajazia kipato wachezaji wanaotimiza masharti. Walio ndani ya mia bora waliwekewa kima cha chini cha dola 300,000 kwa mwaka. Wa 101 hadi 175, dola 150,000. Na wa 176 hadi 250, dola 75,000. Ni jambo jema. Lakini mpango huo haukumgusa mtu wa 251.

Asije mtu akadhani Challenger ni mahali pa walioshindwa. Andre Agassi alitwaa Wimbledon mwaka 1992 na akawa wa kwanza duniani mwaka 1995. Novemba 1997 alikuwa ameporomoka hadi nafasi ya 141. Hakuona haya. Alikwenda kucheza Challenger za Las Vegas na Burbank, mbele ya watazamaji wachache. Mwaka 1999 alitwaa ubingwa wa Ufaransa na kurudi kileleni.

Na sisi je? Mkenya Paul Wekesa alifika nafasi ya 100 mwaka 1995, kwa hiyo hatuwezi kusema mlima huo haupandiki. Kinachotukwamisha ni ngazi kuwa mbali. Kijana wetu hukata tiketi ya ndege na kuhangaikia viza kabla hajapiga mpira mmoja. Ndiyo maana nilifurahi mwaka 2024 Kigali ilipoandaa Challenger 50 mbili mfululizo, na mwaka uliofuata zikapanda kuwa 75 na 100. Mwandaaji ana haki ya kualika wachezaji wachache. Kijana wa nyumbani akialikwa, anapambana na mtu wa mia mbili duniani kwa nauli ya basi tu.

Basi, kijana wangu, jibu ndilo hilo. Wa mia mbili anakula barabarani, na chakula chake hakina uhakika. Siku viongozi wetu wa michezo watakapotafuta mashindano ya kuyaleta hapa, wasianze kuota Wimbledon. Waanze na ngazi hii ya katikati.