Goti la Mwaka Jana na Goti la Leo

Kila Ijumaa safu ya viti msikitini yazidi kurefuka. Si wazee peke yao. Hata sisi wa miaka arubaini na kitu tumeanza kusali tumekaa kwa sababu ya magoti. Wengi twasema ni baridi, kumbe mara nyingi ni gegedu linasagika. Gegedu ni ule utando mtelezi unaofunika ncha za mifupa isikwaruzane.

Eksirei haionyeshi gegedu. Huonyesha mifupa na nafasi iliyo baina yake, basi. Mashine ya MRI, inayotumia sumaku kubwa, ndiyo huonyesha gegedu lenyewe. Lakini gegedu la goti lina unene wa milimita chache tu, na kwa mwaka hupungua sehemu ndogo mno ya milimita. Mgonjwa akirudi mwaka wa pili, akalala mguu umepinda kidogo, picha itatofautiana na ile ya kwanza hata kama ugonjwa haujasogea.

Chukua mfano wa ufuo. Ukitaka kujua bahari imekula mchanga kiasi gani, hutoshi kuwa na picha mbili. Mpiga picha huenda alisimama pengine. Utaziweka moja juu ya nyingine, uulinganishe mnara wa msikiti kwa mnara, maana huo haukuhama. Kisha ndipo utazame mchanga.

Kompyuta hufanya vivyo hivyo. Mnara wake ni mfupa, kwa kuwa umbo lake hubadilika polepole kuliko gegedu. Huisogeza picha mpya na kuizungusha mpaka mfupa ukae juu ya mfupa. Tena kila mfupa hulinganishwa peke yake, wa paja mbali na wa muundi mbali, kwani goti hupinda. Baada ya hapo hupima gegedu mahali kwa mahali.

Kazi hii zaidi ni ya watafiti. Huko Marekani, mradi wa Osteoarthritis Initiative uliandikisha watu 4,796 wenye umri wa miaka 45 hadi 79 kuanzia mwaka 2004, ukawafuata kwa miaka kwa picha za MRI.

Yatuhusu nini sisi? Mitaani twauziwa vidonge na mafuta ya "kurudisha gegedu", na watu hutoa pesa za matumizi ya nyumba. Hadi leo hakuna dawa iliyothibitishwa kurudisha gegedu lililosagika. Mazoezi na kupunguza uzito ndiyo husaidia wengi. Mwenye kudai dawa yake imekujaza goti, muulize: picha ya kabla iko wapi, na ililinganishwaje na ya baada?

Nawe kama umewahi kupigwa MRI, ile sidii usiitupe. Ndiyo mnara wako.