Rangi ya katuni isivuke mstari: Mkulima wa pamba kwenye kompyuta

Na Mwandishi Wetu

MCHORAJI wa katuni anayeishi Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, halazimiki tena kupanda basi hadi Dar es Salaam na bahasha ya michoro kwapani. Picha husafiri kwa barua pepe kwa dakika chache. Hata hivyo, mhariri huipokea bila mchoraji kuwepo kuitetea, na rangi iliyomwagika nje ya mstari yatosha kuifanya iwekwe kando, pamoja na ujira wake.

Enzi za Christian Gregory na Chakubanga wake katika gazeti la Uhuru, wino mweusi ulitosha. Watoto wa leo wamezoea rangi za Ubongo Kids, kipindi kilichoanza mwaka 2014, nao hawasamehe kirahisi.

Tuchukue mfano wa mkulima wa pamba aliyesimama kando ya marobota yake. Mchoro wa kalamu nyeusi huingizwa kwenye kompyuta kwa skana, kwa kiwango kisichopungua nukta 300 kwa inchi. Katika programu zisizolipiwa kama GIMP au Krita, mistari hukaa kwenye tabaka la juu, lililowekwa katika hali ya kuzidisha ili weupe wa karatasi utoweke. Rangi hukaa tabaka la chini. Anayepaka rangi juu ya mistari yenyewe amejitafutia kazi ya kufuta usiku kucha.

Kifaa cha kumwaga rangi hujaza eneo lote lililozungukwa na mstari. Iwapo mstari wa shingo haukufika kwenye ukosi wa shati, kahawia ya ngozi itavujia hadi kwenye marobota. Dawa ni kuziba pengo hilo kwa kalamu kabla ya kumwaga. GIMP, tangu toleo la 2.10.10 la mwaka 2019, ina njia ya kujaza inayotambua mapengo madogo, lakini pengo kubwa bado ni kazi ya mkono.

Kasoro inayowasumbua wengi zaidi ni ule uzi mweupe unaobaki kati ya rangi na mstari. Chanzo chake ni kwamba kingo za mstari uliopita kwenye skana si nyeusi tupu. Zina kijivu ambacho kompyuta huona kuwa ni mpaka. Panua eneo lililochaguliwa kwa pikseli mbili hivi, ili rangi iingie chini ya mstari. Faida yake huonekana pia kiwandani: mtambo wa kuchapa huweka rangi moja baada ya nyingine, na karatasi ikisogea kidogo, rangi iliyojificha chini ya mstari huziba pengo.

Kivuli nacho huwekwa kwenye tabaka lake, lililofungwa kwenye umbo la rangi ya chini, hivyo brashi haiwezi kutoka nje hata mkono ukiteleza. Kwanza amua jua liko wapi. Likiwa la utosi, kivuli huangukia chini ya ukingo wa kofia, pua na kidevu. Wengi huchanganya nyeusi, na uso wa mkulima ukaonekana kama umepakwa masizi. Ni afadhali kahawia iliyokolea yenye wekundu kidogo.

Pamba ndiyo mtihani wenyewe, kwa kuwa ni nyeupe. Weupe mtupu uachwe pale tu jua linapopiga. Kwingineko itumike kijivu hafifu chenye ubuluu. Kivuli kisizidishwe, maana karatasi ya gazeti hunywa wino, na kinachopendeza kwenye kioo huweza kutoka kimefifia na kuwa giza.

Aidha, umeme ukikatika katikati ya kazi, kilichosalia ni kile kilichohifadhiwa. Faili lenye matabaka yote libaki kwa mchoraji. Mhariri apelekewe nakala iliyounganishwa, kwani huenda kesho akaomba shati libadilishwe rangi.