Asili ya Jina Mwinyi

Mwinyi si jina la Kiarabu, ijapokuwa wengi waitwao hivyo ni Waislamu wa pwani. Shina lake ni -enye, kama katika mwenye nyumba, nalo ni la kale katika Kibantu: cheo cha Mwene Mutapa, kusini ya Zambezi, chashuhudia. Kwa Wahadimu wa Unguja, Mwinyi Mkuu alikuwa mtawala. Cheo kikawa jina la mtu, kisha, kwa desturi ya kuandikisha jina la baba, likawa la ukoo. La ajabu ni kwamba Tanzania ya Ujamaa ililaani umwinyi, yaani kuishi kwa jasho la wengine, na papo hapo mwaka 1985 Ali Hassan Mwinyi akawa rais. Lawama hiyo yatokana na dhana ile ile ya umilikaji iliyokuwa heshima.