Jiko la Presha na Mvuke Wake

Katika Ramadhani ya mwaka 1446, iliyoangukia mwezi wa Machi 2025, lilitufika jambo nyumbani kwa ndugu yangu, nyuma kidogo ya viwanja vya Mnazi Mmoja, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Ilikuwa yapata saa kumi na mbili na robo za jioni. Tende zilikwisha pangwa katika sinia, uji ulikwisha iva, na kilichobaki ni maharage, ambayo yalikuwa katika jiko la presha la umeme yakingoja kutiwa tui. Binti wa ndugu yangu, mwenye umri wa miaka 17, akaona wakati unamkimbia. Jiko lilipolia alama yake ya kumaliza, naye bila ya kungoja hata kidogo akapeleka mkono mtupu juu ya mfuniko na kukigeuza kile kizibo cha kutolea mvuke, hali jiko lenyewe limewekwa chini ya kabati la ukutani. Mvuke ukatoka kwa kishindo, ukalipiga kabati, ukarudi chini. Na nyuma ya mvuke likaja povu la maharage linalochemka. Sisi wanaume tulikuwa barazani tukingojea adhana. Tulichosikia ni ukelele.

Mkono wa kulia uliungua tangu vidole mpaka karibu na kiwiko. Akina mama, kwa huruma yao, wakampaka dawa ya meno, na mmoja akakimbilia yai. Tulipofika kwa muuguzi, kazi yake ya kwanza ikawa kuibandua ile dawa ya meno juu ya ngozi iliyokwisha umuka. Na mtoto mwenyewe husema mpaka leo kwamba kubanduliwa kule kulimuuma kuliko mvuke. Alhamdulillahi mkono umepona, illa kifundoni limebaki baka.

Baada ya hayo nilitaka kujua kosa lilikuwa la nani. Nikauliza kile kijitabu kinachokuja pamoja na jiko kiko wapi. Nikaambiwa kilitupwa pamoja na boksi, kwa sababu kimeandikwa Kichina na Kiingereza. Basi nikaenda Kariakoo, nikaingia duka moja baada ya jingine, na karibu kila muuzaji aliweza kunieleza vitufe vya kupikia wali na nyama, lakini wachache tu walioweza kunieleza namna ya kutoa mvuke. Hatimaye nilipata kijitabu kwa jirani, na mwanangu akanisomea, nami nikakaa na jiko lile siku nyingi nikilitazama kama mwanafunzi atazamavyo ubao. Haya ninayoyaandika ndiyo niliyoyapata huko, na mengine kwa watu wenye ujuzi.

Kwanza yafaa tufahamu kinachotendeka ndani ya chombo hiki. Hapa Dar es Salaam, tulio kando ya bahari, maji katika sufuria ya kawaida huchemka yafikapo digrii 100, na hata ukizidisha moto namna gani hayapandi tena. Yanageuka mvuke na kwenda zake. Lakini ukiyafungia ndani ya chombo kisichotoa hewa, mvuke hukosa pa kwenda, nao huyakandamiza maji yasichemke upesi, na joto likapanda. Katika majiko haya ya umeme joto hufika kama digrii 115 au zaidi kidogo. Hiyo ndiyo siri ya maharage kulainika kwa nusu saa, ambayo juu ya mkaa yangetaka saa mbili, na kongoro kuachia mfupa kwa saa moja.

Sasa tazama nguvu iliyomo. Jiko la lita 6 lina mdomo wa upana wa sentimita 22 hivi. Mvuke ulio ndani huusukuma mfuniko ule kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa zaidi ya kilo 250, yaani magunia mawili na nusu ya mchele ya kilo mia mia. Mfuniko haufunguki kwa sababu meno yake yamekamatana na ukingo wa jiko, na kuna pini ndogo ya chuma ambayo mvuke huinyanyua ikaufunga usizunguke. Maadamu pini ile imesimama juu, nguvu ile ingali ndani. Mtu atakayeulazimisha mfuniko kwa kisu au kwa mabavu, kama nilivyosikia kijana mmoja alifanya, anajaribu kuyapindua magunia hayo juu ya uso wake mwenyewe.

Liko na jambo la pili, ambalo wengi hawalidhani. Maji yaliyofika digrii 115, ukiyaondolea mkandamizo kwa ghafula, hayawezi kubaki maji yote. Sehemu yake hugeuka mvuke papo hapo. Ikiwa mna lita 3 za maji, kiasi cha gramu 90 hivi zitageuka, nazo zikiisha kuwa mvuke hujaza nafasi ya lita kama 150, yaani madumu saba ya lita 20 na zaidi. Yote hayo yapite katika tundu lisilozidi upana wa kalamu! Na ndani ya chungu, mchemko ule wa ghafula huchafua kila kitu kutoka chini hadi juu. Ikiwa ni nyama na maji yake, si neno kubwa. Ikiwa ni maharage, kunde, choroko, wali au uji, povu hupanda, hufika kwenye tundu, na hutoka pamoja na mvuke. Ndivyo alivyopata mtoto wetu.

Chombo hiki si kigeni duniani, ijapokuwa kwetu twakiona kipya. Mfaransa aitwaye Denis Papin, aliyekuwa mganga na fundi wa elimu za maumbile, alikitengeneza cha kwanza huko London mwaka 1679, apate kulainisha mifupa. Naye aliona hatari yake upesi, akabuni kizibo chenye uzito juu yake, ili mvuke ukizidi ujiinue na kutoka wenyewe kabla chungu hakijapasuka. Mwaka 1682 aliwakaribisha wanachama wa Royal Society wakala chakula kilichopikwa humo. Kwa hiyo kizibo hiki kina umri wa zaidi ya miaka 340, na sababu yake ni ile ile. Hapa mjini majirani zetu Wahindi wa Kisutu na Upanga wamekuwa na presha kuka za kuweka juu ya moto, zile zinazopiga filimbi, tangu sisi tukiwa watoto. Filimbi ile ilikuwa ikimwonya mtu. Haya ya umeme hayapigi filimbi. Yanakaa kimya kama hayana kitu, na kimya chake ndicho kinachodanganya.

Nayo yameongezeka sana. Tangu Serikali ilipozindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, tarehe 8 Mei 2024, wenye shabaha kwamba ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 wawe wanapika kwa nishati safi, jiko la presha limekuwa zawadi ya harusi, na vijana waliopanga chumba kimoja hulinunua kabla ya kitanda. Mimi sina ugomvi nalo. Mke wangu amepumzika na moshi wa mkaa, na chungu cha maharage hakili hata uniti moja ya Luku. Lakini tumepokea chombo bila ya kupokea ujuzi wake.

Basi, mvuke hutolewa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuuacha utulie wenyewe. Jiko likimaliza, zima, chomoa waya, uliache. Joto litashuka pole pole, mvuke utarudi kuwa maji, na pini itaanguka yenyewe. Hutaka dakika 10 mpaka 30, na chungu kilichojaa supu hutaka zaidi. Hii ndiyo njia ya maharage, kunde, makande, uji na kila kitoacho povu, na ndiyo njia ya nyama pia, maana hulainika zaidi. Bibi mmoja wa hapa Mtaa wa Lumumba aliniambia kuwa kungoja huku kunamfaa kwa kukatia kachumbari, na nadhani amepata. Kwa mwezi wa Ramadhani hesabu ni nyepesi: ukitaka maharage yawe tayari saa kumi na mbili, yamalize kupikwa saa kumi na moja na nusu. Binti yetu alifanya hesabu ya kupika, akasahau hesabu ya kutulia.

Njia ya pili ni kukigeuza kizibo ili mvuke utoke mara moja. Hii ni ya vitu visivyo na povu, kama viazi, mihogo, mahindi mabichi au mboga, ambavyo vikikaa vitapondeka. Na hapa ndipo panapotaka adabu. Kabla hujaanza kupika, liweke jiko mahali peupe, si chini ya kabati wala karibu na pazia, na tundu la mvuke lielekee mbali na njia ya watu na mbali na soketi ya ukutani. Watoto watoke jikoni. Usilisogeze likiwa na nguvu ndani. Ukifika wakati, usitumie mkono mtupu. Shika mwiko mrefu wa mti, simama ubavuni, uso na kifua viwe mbali, ukisukume kizibo kwa ncha ya mwiko. Ukiona maji yenye povu yanatoka badala ya mvuke mweupe, kirudishe mara moja, ngoja dakika chache, ujaribu tena kidogo kidogo. Usifunike tundu kwa kitambaa. Nimeona wanaofanya hivyo ili ukuta usilowe, nao hawajui kuwa wanaziba mlango pekee uliobaki.

Pini ikianguka, bado usifanye pupa. Jaribu mfuniko; ukikataa kuzunguka, uache, kwani yumkini chembe ya chakula imeikwamisha pini na nguvu ingali ndani. Ukizunguka kwa wepesi, uinue kwa kuuinamisha, upande wa mbali nawe ufunguke kwanza, ili mvuke uliosalia uende ukutani usije usoni.

Na umeme ukikatika? Swali hili aliniuliza mwanafunzi wangu wa chuo, mtoto wa miaka 12, nami nikafurahi, maana wakubwa hawakuliuliza. Taa za jiko huzimika, mwenye nyumba hudhani chombo kimekufa, akakifungua. Illakini mvuke hautegemei Luku. Umeme ukatike au usikatike, pini ndiyo shahidi. Tazama pini, usitazame taa.

Kuna mambo madogo ambayo sitayarefusha. Usijaze chungu kupita theluthi mbili, na kwa vitu vinavyofura kama maharage na mchele usipite nusu. Sharti pawe na maji ya kutosha. Jiko hili si la kukaangia mafuta huku limefungwa. Mpira ulio ndani ya mfuniko utolewe na kuoshwa kila mara. Ukichanika au ukilegea, nunua mwingine wa kipimo kile kile, na wala usiuzungushie uzi. Kizibo nacho kina kichujio kidogo kwa ndani, nacho aghlabu huzibwa na maganda ya maharage. Kifungue ukioshe, kisha ukitazame kwenye mwanga. Na waya wa jiko uchomekwe ukutani, si katika ekstensheni moja pamoja na pasi na friji.

Ama mtu akiungua, Mungu apishe mbali, dawa ya kwanza ni maji. Mvuke unaunguza kuliko maji ya moto, kwa kuwa ukigusa ngozi hugeuka maji, na katika kugeuka huko huitua juu yako hari yote iliyokuwa imeubeba. Hari hiyo huendelea kula nyama hata baada ya mkono kuondolewa, na haizimwi ila kwa kupozwa. Mkono uwekwe chini ya bomba la maji ya kawaida kwa dakika 20 kamili, wala si barafu. Bomba likiwa kavu, kama yatokeavyo mitaani kwetu, mtu amimine maji ya ndoo kwa kikombe, polepole, mpaka dakika zile zitimie. Pete na bangili zivuliwe upesi kabla ya uvimbe; nguo iliyogandamana na ngozi isivutwe. Kisha funika kwa kitambaa safi, uende kwa mganga, na hasa ikiwa ni uso, kiganja, kiungo au mtoto mdogo. Dawa ya meno, yai, mafuta na unga visikaribie. Wako watakaonitajia asali. Sibishani nao juu ya asali, lakini hapa maji ndiyo ya kwanza, na mengine aseme mganga.

Jiko lile lingali nyumbani kwa ndugu yangu. Limehamishwa kutoka chini ya kabati, likawekwa juu ya meza karibu na dirisha la uani, na pembeni umetundikwa mwiko wa mti usiotumika kusongea ugali wala kukoroga mchuzi. Juu ya mfuniko, karibu na pini, binti mwenyewe amechora alama nyekundu kwa rangi ya kucha. Na mgeni akiingia jikoni kumsaidia, yeye humwonyesha alama ile kwanza kabla ya kumwonyesha mahali palipo chumvi.