Mapunye: Usimtibu mtoto na kumsahau paka

Na MWANDISHI WETU

MTOTO anarudi kutoka shuleni akijikuna kichwa. Mama anapomchunguza anaona baka la mviringo lisilo na nywele, lenye magamba meupe kama mba. Anakwenda dukani kununua dawa ya kupaka, na baada ya wiki mbili baka linaonekana kufifia. Mwezi haujaisha kabla halijarudi, safari hii pamoja na mengine mawili, na mdogo wake naye ameanza kujikuna.

Ugonjwa huu huitwa mapunye unapotokea kichwani, na choa unapotokea mwilini. Kuna wanaodhani kuwa unaletwa na mdudu aliyejificha chini ya ngozi, au kwamba ni alama ya nyumba chafu. Sivyo. Unasababishwa na kuvu, jamii moja na ukungu unaoota juu ya mkate uliolala.

Chakula cha kuvu hizi ni keratini, kitu kigumu kinachounda nywele, kucha na tabaka la juu la ngozi. Kwa kuwa manyoya ya wanyama pia yameundwa kwa keratini, baadhi ya kuvu huhama kwa urahisi kutoka kwa mnyama hadi kwa binadamu.

Zinatoka wapi?

Aina iliyozoeleka katika vichwa vya watoto Afrika Mashariki, Trichophyton violaceum, hutoka kwa mtu hadi kwa mtu. Husafiri kwa vichana, kofia, mito ya kulalia na mashine za kinyozi zisizosafishwa.

Aina nyingine, Microsporum canis, hutoka kwa paka na mbwa. Ya tatu, Trichophyton verrucosum, hutoka kwa ng'ombe, hasa ndama, ambao huota magamba ya kijivu kuzunguka macho, masikio na shingoni. Mtoto wa mjini aliyekwenda kwa babu yake wakati wa likizo na kucheza na ndama anaweza kurudi nayo.

Paka ndiye wa kutazamwa kwa makini. Anaweza kubeba mbegu za kuvu katika manyoya yake bila kuwa na baka hata moja, huku watoto wakimpakata na kulala naye. Isitoshe, mbegu zilizo katika manyoya yaliyodondoka kwenye zulia au kiti zinaweza kuishi zaidi ya mwaka mmoja. Ndiyo sababu familia nyingine hutibiwa mara kwa mara na ugonjwa hauondoki.

Tiba

Dawa ya kupaka peke yake haiponyi mapunye ya kichwani, kwani kuvu hujificha ndani ya unywele na katika shina lake, mahali ambapo dawa hiyo haifiki. Mgonjwa huhitaji dawa ya kumeza.

Iliyotumika kwa muda mrefu zaidi ni griseofulvini, ambayo yenyewe ilipatikana kutoka kwa ukungu mwaka wa 1939. Mwaka wa 1958, mtafiti J. C. Gentles wa Glasgow alionyesha kwamba wanyama wa maabara walioimeza walipona choa, na baada ya hapo ikaanza kutumiwa kwa binadamu. Kwa kawaida humezwa kwa wiki sita hadi nane, pamoja na chakula chenye mafuta kama maziwa. Haifai kwa mama mjamzito. Terbinafini pia hutumika, na daktari ndiye wa kuchagua.

Choa kidogo cha mwilini hutibika kwa krimu kama ya klotrimazoli. Usiache kupaka mara tu mwasho unapoisha. Maliza wiki ulizoagizwa.

Jihadhari na krimu zenye steroidi. Hupunguza mwasho na wekundu, mgonjwa akadhani anapona, kumbe zinadhoofisha kinga ya ngozi na kuvu inazidi kuenea. Wanaopaka maji ya betri au mafuta ya taa huiunguza ngozi tu.

Kichwa kikivimba na kutoa usaha, usikikamue wala kukipasua. Mpeleke mtoto hospitalini upesi, kwani kuchelewa kunaweza kumwachia kovu na upara wa maisha.

Kinga

Mtoto mmoja akiugua, kagua vichwa vya wote nyumbani. Kila mmoja awe na kichana na taulo yake. Fua shuka na kofia, fagia nywele zilizodondoka, na mwombe kinyozi asafishe mashine kwa dawa kabla ya kumnyoa mwanao.

Mpeleke paka au mbwa kwa daktari wa mifugo hata kama anaonekana mzima. Hakuna haja ya kumtupa mitaani, ambako ataambukiza watoto wa wengine, naye anatibika.

Mtoto naye asifungiwe nyumbani wala kuchekwa. Akishaanza kumeza dawa anaweza kuendelea na masomo, bora asibadilishane kofia na wenzake. Na mwalimu akiona baka, amwite mzazi kando badala ya kumwaibisha mtoto mbele ya darasa.