Wapi pa kula Mji Mkongwe, na kilichozikuta karanga zangu za Goweko

Nilipotea hapa kidogo. Rafiki yangu tuliyesoma naye stashahada alikuwa anaoa Unguja, nikachukua likizo ya siku nne. Niliporudi na kushuka stesheni hapa Goweko, hakuna aliyeniuliza habari za bahari. Swali lilikuwa moja tu: "Bwana shamba, huko ulikula nini?"

Haya, nawajibu wote kwa pamoja. Ila someni mpaka mwisho, maana kuna jambo linalohusu yale magunia yaliyoko stoo.

Zawadi niliyobeba ilikuwa kilo tano za karanga za hapa hapa kwetu. Treni hadi Dar, halafu boti ya kama saa mbili. Babu zetu Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu mabegani kutoka Unyanyembe hadi pwani, kwa miguu, miezi. Mimi nimebeba karanga kwenye begi la mgongoni na bado nililalamika bega linauma.

Mchana ukifika Mji Mkongwe una njaa, nenda Mkunazini, ulizia Lukmaan. Haina madoido. Unapanga foleni, chakula kiko mbele yako kwenye masufuria, unanyooshea kidole: pilau, biriani, samaki wa nazi, pweza wa nazi, ndizi. Nilipenda hilo la kuona kwanza, kisha kuchagua. Pweza sikuwahi kumla maishani. Ni mlaini kuliko nilivyodhani, na ule mchuzi wa nazi niliufuta sahani nzima kwa mkate.

Jioni ni Forodhani, ile bustani iliyo mbele ya bahari. Jua likizama, meza zinapangwa, taa zinawashwa, moshi wa mishkaki unapanda. Kuna ile wanayoiita pizza ya Zanzibar, ambayo mimi naiona ni chapati iliyokunjwa ikiwa na nyama ya kusaga, kitunguu na yai ndani, inakaangwa kwenye chuma bapa. Kuna juisi ya miwa inayokamuliwa mbele yako pamoja na ndimu na tangawizi. Ushauri wangu ni mmoja: uliza bei kabla hujagusa kitu. Kuna mahali kisiwani, sitapataja, nilikula kwanza nikauliza baadaye. Nililipa kama mgeni aliyeshuka kwenye ndege. Na samaki mchague aliye mbichi akachomwe ukiwa unaona. Ukiona tayari amechomwa na amekaa baridi, uliza amechomwa lini.

Lakini chakula ambacho mkulima hatakiwi kukikosa ni urojo. Ni mchuzi mzito wa njano, mchachu kwa embe mbichi na ndimu, na ndani yake wanatia bajia, kachori, mbatata za kuchemsha, mishkaki, chipsi za muhogo zilizokaushwa vizuri, chatne ya nazi na pilipili. Bakuli moja. Nilikaa na bakuli langu nikawa nahesabu mazao badala ya kula: muhogo, viazi mviringo, embe, nazi, ndimu, kunde. (Kule viazi mviringo ni mbatata, nyanya ni tungule, choroko ni pojo. Ukipiga simu kutafuta soko Unguja, jifunze kwanza majina hayo, usije ukaambiwa hakuna wakati ipo.)

Nilimuuliza muuzaji mbatata zake zinatoka wapi. Akanyoosha mkono upande wa bahari: "Bara." Vitunguu? "Bara." Kisiwa kina mashamba mazuri upande wa magharibi, lakini mashariki ardhi ni mawe ya matumbawe na udongo ni kidogo, halafu kuna watu wengi na hoteli nyingi za kulisha. Kwa hiyo kila siku kuna chakula kinavuka maji.

Sasa tufike kwenye karanga.

Asubuhi ya pili rafiki yangu alinipeleka kunywa kahawa Jaws Corner, pale vichochoro vinapokutana. Wazee wanakaa barazani, wanacheza, wanabishana siasa. Kahawa ni chungu, kikombe kidogo, na unaitafuna pamoja na kashata ya karanga. Kashata ile ilinikamata. Nikauliza nani anaitengeneza. Rafiki yangu akacheka, akasema ni jirani yake, mama mmoja mtu mzima, twende tukamsalimie.

Nikaenda na karanga zangu, kwa majivuno kabisa. "Shikamoo bibi, nimekuletea karanga za Tabora." Akaitikia, akashukuru, akazimwaga kwenye ungo. Hakusema kitu. Akaanza kuzipitisha vidoleni, moja moja, kama anayechambua mchele. Zile zilizosinyaa akaziweka kando. Zenye ngozi iliyobadilika rangi, kando. Moja akaipasua, akaninyooshea nione ndani: kiini kimefanya ukungu wa kijani.

"Mwanangu, karanga zenu tamu. Lakini hizi zimetiwa maji."

Nilinyamaza, maana nilijua. Zile karanga nilizinunua kwenye kikundi chetu. Na msimu huu nilipita siku mnabangua, nikawaona mnanyunyizia maji maganda ili yalainike, vidole visiumie. Niliona. Nilikuwa nawahi mkutano wa tumbaku, nikasema nitawaambia siku nyingine. Ile siku nyingine haikufika.

Bibi alitoa viganja viwili vizima katika kilo tano. Nikamwambia zilizotoka tuwape kuku wa jirani, nikajikuta najirekebisha mwenyewe palepale: hapana, tuzifukie. Ukungu ule unaweza kutengeneza sumukuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kukaanga wala kuchemsha. Kuku akiila inamdhuru na inaweza kuingia kwenye yai na maini. Kwa binadamu inaharibu ini, na ikizidi kwa mkupuo inaua. Mwaka 2016 ilishaua watu Dodoma na Manyara. Na tatizo ni kwamba si kila karanga yenye sumu inaonekana kwa macho. Kuchambua kunapunguza tu.

Kwa hiyo kazi iko kabla ya ungo. Ukishang'oa, geuza mashina, maganda yatazame juu, yapigwe jua na upepo. Kisha anika kwenye turubai au chanja, siyo chini kwenye udongo. Tikisa ganda sikioni: likilia, punje imeachia. Kama mna kipimo, punje isizidi unyevu wa asilimia 7. Kubangua ni kwa ukavu. Ikiwa vidole vinauma tuchangie mashine ya mkono, ndiyo njia, maji hapana. Na gunia lisikae sakafuni wala kuegemea ukuta.

Bibi alizipika zilizobaki. Alinifungia kashata kwenye gazeti, akaniambia nikija tena nimletee gunia zima, "lakini kavu." Rafiki yangu amenitumia namba yake.

Mnunuzi wa magunia yetu anakuja mwisho wa mwezi, na nimeshampigia simu kumweleza hali ilivyo. Hakufurahi. Amekubali kusubiri hadi tuchambue na sampuli ipimwe. Jumamosi saa mbili asubuhi tukutane stoo, kila mtu na ungo wake. Kashata nitakuja nazo, zimebaki chache.