Kagua gari Agosti, usingoje mvua ya Septemba

Wenye magari wanaopita Rusumo kwenda Kigali au Ngara wengi humtafuta fundi mvua inapoanza kunyesha. Wakati huo huwa wamechelewa. Kiangazi cha Juni hadi Agosti ndicho kinacholiharibu gari; mvua ya Septemba huja kuufichua uharibifu huo.

Jua hukausha mpira wa waipa ukapasuka, na joto hufupisha maisha ya betri. Vikaguliwe mapema. Pima upepo wa tairi asubuhi, kabla hazijapata moto. Tairi kipara haiwezi kusukuma maji pembeni, hivyo gari huteleza hata breki zikiwa nzima. Maji ya rejeta yaangaliwe injini ikiwa imepoa. Ukifungua ikiwa ya moto, yatakurukia usoni.

Hata hivyo, gari zima halishindani na mafuriko. Maji ya kina cha sentimita 30 yanaweza kuliinua gari dogo. Mei 2023, mafuriko na maporomoko ya udongo yaliua watu zaidi ya 130 nchini Rwanda na kufunga barabara. Ukikuta maji yamefunika njia, simama hadi yapungue, hata kama mzigo unasubiriwa sokoni.